"Date": tende, tarehe au miadi? Tupeane uzoefu

MwalimuWaTanga:
Wanajamvi, habari za wakati huu. Nafundisha Kiingereza sekondari, na hakuna neno fupi linalowasumbua wanafunzi wangu kama "date". Wiki hii tulikutana na sentensi "The farmer picked dates". Kijana mmoja akatafsiri: mkulima alichagua tarehe. Hakuna aliyemcheka, maana nusu ya darasa walikuwa wameandika vivyo hivyo. Na si kosa la uvivu, kwani "pick" nayo ni kuchuma na ni kuchagua.

Ikabidi niwape asili. Ni maneno mawili yasiyo na undugu, yamekutana kwenye tahajia tu. La tende ni daktylos la Kigiriki, yaani kidole. Likapita Kilatini na Kifaransa cha kale hadi Uingereza. La tarehe ni la Kilatini. Warumi waliandika kwenye barua data Romae, "imetolewa Roma", pamoja na siku yenyewe. Hiyo "data" ndiyo ikazaa "date", na ni ndugu wa damu wa data tunazonunua kwenye bando.

Wewe lilikukuta wapi? Karibuni.

MtuWaMuscat:
Shikamoo mwalimu. Huku Oman ukisema tende tu hujasema kitu, utaulizwa: khalas, fardh au khunaizi? Iliyoiva ikiwa bado laini ni rutab, iliyokauka ni tamr. Kwa Kiingereza zote "dates".

Niliwahi kufanya kazi mahali wanapofungasha tende. Katoni ina DATES kwa herufi kubwa, chini yake kuna kibandiko kimeandikwa "Date:" na nafasi tupu. Kijana mgeni akajaza "Khalas", katoni baada ya katoni, kwa mwandiko mzuri kabisa. Tulibandua vyote upya, lakini mimi sikumlaumu. Aliulizwa ni date gani, akajibu ni date gani.

DukaLaDawa_Mombasa:
Mimi yangu ni ya tarehe, na naomba mwenye duka asome vizuri. Wamarekani huanza na mwezi. 04/07 kwao ni Aprili 7, kwetu ni 4 Julai. Tuliletewa maziwa ya unga ya watoto kutoka huko, kopo limeandikwa 05/09 na mwaka. Ni Mei au ni Septemba? Tukaanza kubishana, wengine wanataka yatupwe, wengine yauzwe. Nikageuza makopo moja moja mpaka nikapata la 05/23. Hakuna mwezi wa 23, kwa hiyo la mbele ndilo mwezi. Yalikuwa yameshapita, hayakuuzwa hata moja. Tangu siku hiyo mwezi nauandika kwa herufi, na kila ninayemfundisha kazi namwambia afanye hivyo.

Nairobi_Kazini:
Kazi yangu ya kwanza, bosi mgeni aliniambia "Let's set a date". Nilikosa raha siku nzima, nikidhani ananitaka kimapenzi. Kumbe alitaka tupange siku ya mkutano na wateja.

MwalimuWaTanga:
Pole sana dada. Maana ya wapenzi imetoka kwenye tarehe, si kwenye tende. Kwanza ilikuwa siku mliyokubaliana, ikawa kule kukutana kwenyewe, mwisho ikawa hata yule mtu unayetoka naye. Ni ya Marekani, mwishoni mwa karne ya 19. Mfano unaotajwa sana ni maandishi ya George Ade wa Chicago, 1896.

KaratasiZaMkataba:
Kwenye mikataba angalieni "paid to date". Ni jumla iliyolipwa hadi leo. Fundi wangu alidhani ni siku atakayolipwa.

MsomaLugha:
Mwalimu, kuhusu kidole niongezee kidogo. Kwa Kiebrania mtende ni dekel, kwa Kiaramu diqla. Wapo wataalamu wanaoona Wagiriki walichukua neno la Kisemiti la jamii hiyo, wakalivuta lifanane na kidole chao kwa umbo la tunda. Mimi naliafiki, maana tende zenyewe ziliwafikia kutoka huko huko.

MwalimuWaTanga:
Asante sana, hilo nalichukua. Basi na mti wake mjue: "date palm". Palm ni kiganja. Warumi waliuita hivyo kwa jinsi majani yanavyotanuka kama mkono uliokunjuliwa. MtuWaMuscat, naomba ruhusa kisa cha katoni nikitumie darasani Jumatatu. Wengine endeleeni, hasa mliopo kwenye forodha na hospitali.