Alicia Vikander: nianze na A Royal Affair, Ex Machina au The Danish Girl?

Msonobari: Wadau, habari za jioni. Mimi ni mcheza dansi, na nataka kuona mwili uliolelewa na baleti unavyoigiza. Alicia Vikander, Mswidi wa Göteborg, alisoma Shule ya Kifalme ya Baleti ya Stockholm kabla ya kugeukia filamu. Wikendi hii nina nafasi ya kutazama moja tu kati ya hizo tatu. Ipi?

BintiTanga: Ex Machina, bila kusita. Humo yeye ni Ava, roboti mwenye uso wa mtu na kiwiliwili cha nyavu na vioo. Wengi wanazipa kompyuta sifa zote, na ni kweli filamu ilipata Oscar ya picha za kompyuta, lakini mwendo ni wake. Mtazame anavyogeuza shingo, anavyopiga magoti, anavyoinuka. Hakuiga roboti wa kukatika-katika. Alichagua mwendo safi kuliko wa binadamu, kila kiungo kinatua mahali pake, mpaka mtazamaji anaingiwa na hofu asijue inatoka wapi. Hiyo ni miaka ya mazoezi mbele ya kioo, dada. Haipatikani kwa mwezi mmoja.

Kobe wa Mjini: Naunga mkono, ila ajue mapema kwamba dansi maarufu ya filamu hiyo haichezi yeye. Ni Sonoya Mizuno, naye pia mtoto wa baleti. Akitaka kumwona Alicia mwenyewe akicheza, kuna Anna Karenina ya 2012. Yeye ni Kitty, na dansi za ukumbini zilitungwa na Sidi Larbi Cherkaoui. Mikono tu inakusimulia kisa kizima.

Msonobari: Asante, hiyo sikuijua. Na The Danish Girl?

Mama Nuru: Ndiyo iliyompa Oscar mwaka 2016, ya mwigizaji msaidizi wa kike. Mpaka leo siikubali hiyo "msaidizi": Gerda, anayeigizwa na Alicia, ndiye anayeibeba hadithi bega kwa bega na mwigizaji mwenzake Eddie Redmayne. Lakini kwa swali lako haifai sana. Nguvu yake iko kwenye macho na sauti.

Kobe wa Mjini: Kweli kabisa, mama.

Mwana wa Ziwa: Jamani, A Royal Affair mbona mnaipita? Alijifunza Kidenmaki ili amwigize Malkia Caroline Mathilde, na mbele yake yuko Mads Mikkelsen. Anaingia kasri la Copenhagen akiwa binti mwenye matumaini, kisha mgongo wake unakakamaa kadiri ndoa inavyomchosha. Mcheza dansi atausoma mgongo ule bila hata kusoma maandishi ya chini.

Msonobari: Umenigusa hapo kwenye mgongo. Lakini naanza na Ava. Naweza kutazama na watoto?

BintiTanga: Hapana, dada. Kuna utupu na damu. Subiri walale.