Wadau wa Tanga, ada ya kozi ya programu nilipe au nimwachie akili mnemba?

MjombaNgamiani (mleta mada)
Wadau, salaam. Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita, hesabu anaziweza. Anataka nimlipie kozi ya kuandika programu, miezi sita, chuo kimoja hapa mjini. Ada laki tisa. Mimi nauza vipuri vya baiskeli, laki tisa siiokoti barabarani. Sasa juzi kijana wa jirani, hajasoma chochote cha kompyuta, kanitengenezea programu ya kuandika madeni ya wateja. Jioni tatu tu! Kakaa hapo kibarazani kwangu anaiambia mashine kwa Kiswahili, "weka sehemu ya kulipa kidogo kidogo," nayo inaweka. Nikajiuliza, hiyo laki tisa nalipia nini? Kuandika kodi si ndiyo kunakufa huku? Nishaurini, mwisho wa kulipa ni Ijumaa.

BintiChumbageni
Nimesoma "kuandika kodi" nikajua mpwa anakwenda TRA. Mjomba, sema msimbo, yale maagizo ya kompyuta.

MjombaNgamiani
Si umeelewa lakini.

MtotoWaMjini_Dar
Mkuu, hela yako weka mfukoni. Tangu ChatGPT itoke 2023 hiyo kazi imekwisha. Huku Dar mtu mmoja na akili bandia yake anafanya kazi ya watu watano. Ila sishangai mada hii kutoka Tanga, habari zinawafikia na jahazi.

MzeeWaRaskazone
Ilitoka Novemba 2022, siyo 2023. Sisi zimetufikia na jahazi, wewe zimekujia kwa miguu. Halafu ujue reli ya kwanza Tanzania Bara ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893. Hiyo ya kati mnayojivunia huko Dar ilianza 1905. Miaka kumi na miwili mlikuwa mnatuangalia.

MtotoWaMjini_Dar
Shikamoo mzee. Reli ya 1893, sawa. Na leo?

KahawaTungu
Leo tunakunywa kahawa kwa raha zetu huku wewe umekwama kwenye foleni Ubungo unatuandikia sisi.

MsimbajiPangani
Tuache reli. Mjomba, mimi kazi hii ndiyo inayonilisha, nikupe kisa kimoja. Kuna wenye mabasi, siwataji, walitengenezewa programu ya tiketi na kijana kama huyo wa kibarazani kwako. Nzuri kweli, rangi zimekaa, ujumbe unamfikia abiria kwenye simu. Kijana aliiambia mashine: "basi linaondoka saa mbili asubuhi, mkumbushe abiria saa moja kabla." Mashine ikaandika 2:00. Kijana akatazama, akaona 2:00, akaridhika. Kwake hiyo si ndiyo saa mbili?

Kumbe kwa kompyuta 2:00 ni usiku wa manane, saa nane yetu. Abiria wakaamshwa saa saba za usiku kuambiwa wajiandae. Ilipofika saa nane usiku programu ikaandika "limeondoka" na kufunga mauzo. Nilipoitwa asubuhi, basi liko mbele yangu, injini inanguruma, viti kumi na moja vitupu, kondakta anakula muwa. Abiria wamesimama na mabegi, hela wameshika mkononi, na kioo cha simu kinasema basi limeshaondoka. Kondakta anamwonyesha mwenye basi simu kama anamwonyesha cheti cha kifo.

Nilikaa siku mbili kurekebisha, maana saa ilikuwa imetajwa sehemu chungu nzima na kila sehemu imeandikwa kivyake. Mashine haikugoma kitu. Ila hapakuwa na mtu wa kusoma ilichoandika. Kwa hiyo mlipie mtoto, lakini kwanza nenda hapo chuoni uulize kama wanafundisha kusoma msimbo wa mtu mwingine na kusaka kosa lake. Wakikwambia wanafundisha kutengeneza tovuti tu, rudi na hela yako.

MtotoWaMjini_Dar
Kwa hiyo kosa la kijana, akili bandia umeisingizia.

UstadhiWaLugha
Naomba niingilie. Mara ya pili sasa unaandika "akili bandia". Bandia ni noti, ni jino, ni nywele. Kitu kinachokuandikia programu jioni tatu unakiitaje bandia? Ni akili mnemba.

BintiChumbageni
Mnemba ni kisiwa kule Unguja, watalii wanazamia kutazama samaki.

UstadhiWaLugha
Binti, neno moja laweza kuwa na maana mbili. Wewe mwenyewe kodi umeifanya ya TRA.

KahawaTungu
Kuna wanaosema akili unde, kutoka kuunda. Mimi naipenda hiyo, fupi na inajieleza.

MtotoWaMjini_Dar
Wenzenu wanaunda, nyie mnagombea jina. Ndiyo Tanga hiyo.

BintiChumbageni
Na wenzetu hawagombei? Huu mtindo wa kuongea na mashine hadi programu itoke, bila kuutazama msimbo, Andrej Karpathy, mtaalamu wa mashine hizi, aliupachika jina "vibe coding" Februari 2025, na mwaka huohuo kamusi ya Collins ikalifanya neno la mwaka. Mimi nimelitafsiri "kuandika kwa mzuka". Ustadhi, pitisha.

UstadhiWaLugha
Mzuka nimeupitisha. Bandia bado nimeikataa.

MsimbajiPangani
Huyo wa Dar nimjibu. Mwaka 2025 watafiti wa METR kule Marekani waliwapima waandishi wa programu wazoefu 16, kwa kazi zao wenyewe walizozizoea. Wakitumia mashine walichelewa kwa asilimia 19. Ukiwauliza, wao wanaona wamewahi kwa asilimia 20! Hilo la kujiona umewahi ndilo linalonitisha mimi.

MtotoWaMjini_Dar
Watu 16? Harusi ya Tanga ina wapishi wengi kuliko hao. Halafu umejifunga goli mwenyewe: waliochelewa ni wazoefu, waliosoma. Basi kusoma kunachelewesha, mjomba asilipe.

MzeeWaRaskazone
Na Replit je, ile kampuni ya kutengenezea programu mtandaoni? Julai 2025, mashine yao iliambiwa isiguse kitu, ikafuta hifadhidata ya mteja. Mkurugenzi akaomba radhi hadharani. Mwanangu wa Dar, hiyo ndiyo ukabidhi duka la mjomba?

MtotoWaMjini_Dar
Daftari la mjomba nalo likinyeshewa mvua?

MjombaNgamiani
Daftari langu lina miaka tisa na halijawahi kunyeshewa.

KahawaTungu
Mimi kilichoniudhi na hizi mashine ni Kiswahili chake. Rafiki yangu aliiomba imwandikie barua ya posa. Ikaanza: "Kufuatia mazungumzo yetu, ninayo furaha kuwasilisha ombi langu rasmi." Posa hiyo au zabuni? Huku kwetu barua ya posa unaanza kwa kubisha hodi, unauliza hali za wazee, unasema umeona ua kwenye bustani yao. Baba mtu angesoma ile angeuliza nakala ya leseni ya biashara.

BintiChumbageni
Mwee! Nimecheka mpaka chai imemwagika.

MsimbajiPangani
Inaandika hivyo kwa sababu imelishwa maandishi, na Kiswahili kingi kilichoko mtandaoni ni cha magazeti na ofisi. Cha barazani hakimo. Sisi Tanga tunajisifu lugha lakini nani anaandika? Tunatumiana sauti WhatsApp dakika nne, dakika tatu na nusu ni salamu.

KahawaTungu
Hapo umetutukana, kaka. Salamu ndiyo lugha yenyewe. Na wewe wa Pangani tangu lini ukawa msemaji wa Tanga?

MsimbajiPangani
Pangani ni mkoa gani, Lindi?

KahawaTungu
Nasema Tanga mjini. Nyie hata Bweni tu mpaka mpande kivuko.

UstadhiWaLugha
Nikumbushe kuwa "amelishwa" ni kwa kiumbe. Mashine "imeingiziwa".

MzeeWaRaskazone
Ustadhi, kaandika "imelishwa". Vaa miwani.

UstadhiWaLugha
Nimeiona. Hoja yangu iko palepale.

MtotoWaMjini_Dar
Kurasa tatu sasa. Jahazi lingekuwa limefika Pemba na kurudi.

MjombaNgamiani
Jamani, laki tisa zangu. Nimekwenda pale chuoni kama alivyosema kaka wa Pangani. Nimewauliza mnafundisha kusoma msimbo wa mtu mwingine? Mwalimu kanitazama, akasema mzee, swali hilo hatujaulizwa. Akachukua namba yangu. Halafu leo programu ya kijana imesema wateja wangu wote wamemaliza madeni. Wote! Nimerudi kwenye daftari.

BintiChumbageni
Wateja wako wanaombea isirekebishwe.

MsimbajiPangani
Usiifute. Niletee kesho nitazame, sikutozi. Mje na mpwa, akae pembeni aone ninavyotafuta. Mkija mapema nitakuwepo, saa tatu.

KahawaTungu
Saa tatu ipi?