Tupeane uzoefu: viongozi wa timu za mauzo, mnaitoa wapi ari siku za mwisho za kufunga hesabu?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, salaam. Mara kwa mara tunaulizwa tunawatiaje moyo wauzaji wetu, lakini ni nadra mtu kutuuliza sisi wenyewe moyo huo tunautoa wapi zinapobaki siku tatu na lengo bado liko mbali. Naomba kila mwenye kisa chake akiweke hapa. Naanza na changu.

Mwishoni mwa 2019 nilikuwa nasimamia vijana kumi na wawili waliokuwa wakiuza na kusajili laini za simu Mbagala. Mtakumbuka kwamba usajili wa laini kwa alama za vidole hapa Tanzania ulianza Mei mwaka huo na ulipangwa kufungwa 31 Desemba, kisha muda ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Bila namba ya kitambulisho cha taifa laini haikusajiliwa, na watu wengi walikuwa bado kwenye foleni za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, wakiisubiri namba hiyo, kwa hiyo lengo letu lilitegemea foleni ambayo sisi hatukuwa na mamlaka nayo. Kila usiku jedwali la matokeo ya timu zote liliwekwa kwenye kundi la WhatsApp, nasi tulikuwa karibu na mkiani. Nilikuwa nalifungua alfajiri kabla hata ya kunawa uso, na siku nzima ikaharibika kuanzia hapo.

Tarehe 27 Desemba niliacha ofisi nikaenda kukaa chini ya mwamvuli na binti mmoja wa timu yangu. Alikuja fundi ujenzi ambaye saruji ilikuwa imemla vidole. Kidole gumba kilikataa, cha shahada kikakataa. Binti yule akampa kitambaa chenye maji, akamfuta, akasubiri mikono ikauke, akajaribu kimoja baada ya kingine mpaka cha pete cha mkono wa kushoto kikasoma. Robo saa ilipita kwa laini moja, na kwenye jedwali ilihesabiwa moja tu, sawa na ile iliyochukua dakika mbili. Nilikuwa nimemkaripia binti huyo jana yake kwa uzembe. Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya mteja.

Tangu siku hiyo niliacha kulifungua jedwali asubuhi. Tuliandika kwenye daftari wateja wote waliorudi nyumbani kwa kukosa namba, tukawa tunawapigia simu kila jioni kuuliza kama wameipata. Lengo hatukulifikia, lakini hakuna kijana aliyeondoka, na mimi nilianza tena kulala.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Ahsante, kaka, ila kuhusu jedwali sikubaliani nawe. Mimi naongoza timu inayouza vifaa vya ofisi, na wateja wetu wakubwa ni taasisi za serikali, ambazo mwaka wao wa fedha unafungwa 30 Juni. Wiki ya mwisho ya Juni kila simu inaweza kuwa oda au ahadi hewa, na kiongozi anayezikimbia namba huishi kwa hofu asiyoijua ukubwa wake. Mwaka mmoja, tarehe 26 Juni, niliketi na timu tukaipitia orodha yote ya wateja arobaini, tukamfuta kila aliyetuambia "njooni kesho" zaidi ya mara tatu. Walibaki tisa. Nilidhani vijana watavunjika moyo, kumbe walipumua, kwa sababu kila mmoja alijua anakwenda kwa nani na anakwenda kufuata saini gani.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Nasambaza sabuni na mafuta ya kupikia upande wa Kongowea. Miaka kadhaa iliyopita, katika kampuni niliyokuwa nikifanyia kazi, tulifunga mwezi kwa kuwabebesha wenye maduka mzigo wa mkopo ambao hawakuuhitaji. Tulipongezwa, tukapata kamisheni, na wiki ya pili ya mwezi uliofuata katoni zikaanza kurudi. Ari yangu ilikufa siku niliyozipokea, wala si siku ya kukosa lengo.

Mwanzisha mada

Dada wa Dodoma, nimekuelewa: wewe uliitazama orodha ili uipunguze, mimi nilikuwa nalitazama jedwali ili nijiumize. Ndugu wa Mombasa, mwezi uliofuata wewe ulimwambia nini meneja wako?

Mchangiaji kutoka Mombasa

Nilimpelekea daftari la stoo, nikamwonyesha katoni zilizorudi duka kwa duka, nikamweleza kwamba tarehe 30 nitaripoti kile tu ambacho mwenye duka amekiomba kwa kinywa chake. Alikasirika. Mwezi ule tuliangukia pua, na vijana wangu wawili wakanifuata nje kunishukuru, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakitukanwa madukani.