Baiskeli pwani siku tatu za Nane Nane: Bagamoyo, Pangani, Unguja au Kilifi–Malindi?

Gurudumu_Bunju

Habari za jioni wapenda baiskeli. Naomba mawazo yenu kabla sijakata tiketi yoyote. Tuko wanne: mimi, rafiki zangu wawili, na mdogo wangu wa kike aliyenunua baiskeli yake ya mbio mwezi wa tano. Yeye hajawahi kuvuka kilomita 60 kwa siku. Tairi zetu wote ni za milimita 28, kwa hiyo tunategemea lami. Ninachotafuta ni barabara isiyo mbali na bahari, vijiji, minazi, na kila siku angalau sehemu moja ya kale ambayo tutashuka, tufunge baiskeli na kukaa hata saa nzima.

Nimebaki na njia nne: Dar hadi Bagamoyo na kurudi, Tanga hadi Pangani na kurudi, Unguja, kaskazini siku moja na kusini siku nyingine, na Kilifi hadi Malindi kwa jirani zetu Kenya. Bagamoyo naijua mpaka Mapinga tu, zilizobaki sijazipita kwa baiskeli. Moyo wangu uko Pangani, lakini nasikia mengi kuhusu barabara yake. Mliokwisha kupita, nisaidieni kuzipima.

FundiWaChumbageni

Karibu Tanga kaka. Huku baiskeli si mchezo wa Jumamosi. Mama anakwenda nayo sokoni, mtoto shuleni, mzee msikitini, na madereva wamezoea kumwachia nafasi mwenye baiskeli. Hiyo peke yake inakutofautishia na Dar.

Pangani ni kama kilomita 50 kutoka mjini. Njia ilikuwa ya vumbi miaka yote, ikaja kutiwa lami kwa vipande, na nilipopita mara ya mwisho bado kulikuwa na michepuko ya changarawe iliyolegea. Nilipata pancha mbili kabla ya Kigombe, tena na tairi nene kuliko zenu. Wewe utapita. Mdogo wako simshauri, kwa sababu mgeni akianguka kwenye changarawe siku ya kwanza, siku mbili zinazofuata hazitakuwa na raha.

Lakini Tongoni! Iko kama kilomita 20 kusini ya Tanga, unakunja kushoto kuelekea baharini. Kuta za msikiti, na makaburi karibu 40, mengi ya nguzo, yaani yenye mnara wa mawe juu yake, yamekusanyika chini ya miti, na bahari inaonekana nyuma ya mikoko. Zamani hapo palikuwa mji wa Mtang'ata. Kwenye miamba ya mbele yake ndipo Vasco da Gama, yule nahodha wa Kireno, alipoichoma moto meli yake mwenyewe, São Rafael, Januari 1499, maana mabaharia wake walikuwa wamekufa wengi na waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu. Mimi huwa nakaa pale nakula mihogo yangu, nawaza moshi ule ulionekanaje kwa waliokuwa wamesimama ufukweni.

Jambo la pili, na hili ni kwa njia zote nne: Agosti ni msimu wa kusi. Upepo unatoka kusini na kusini-mashariki, asubuhi mpole, kuanzia saa nne unakaza. Mkitoka Tanga kwenda Pangani mnaupokea kifuani kilomita zote 50. Mkija Agosti, pandeni basi mpaka Pangani, mlale, kisha mrudi Tanga mkisukumwa.

Tairi25

Bagamoyo kwa maoni yangu iondoe. Mwenge hadi Tegeta ni barabara ya njia nne na kila basi linataka kukupita kabla ya kituo. Baada ya hapo ni matuta na rasta kila kijiji. Bahari huioni mpaka ufike.

MwalimuMstaafu_Magomeni

Tairi25, mwanangu, kuhusu magari unasema kweli. Kuhusu kuiondoa sikubaliani nawe.

Gurudumu anakaa Bunju, kwa hiyo sehemu mbaya iko nyuma yake tayari. Akitoka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, upepo wa kusi ukiwa nyuma ya bega lake, atafika Kaole kabla jua halijawa kali. Na kabla hata ya kuanza safari ndefu, ana magofu karibu na nyumbani ambayo watu wa Dar wengi hawajawahi kuyaona: Kunduchi, kuna msikiti wa kale na makaburi yaliyokuwa yamepambwa kwa bakuli za kaure kutoka China.

Kaole iko kama kilomita 5 kusini ya mji wa Bagamoyo. Misikiti miwili, mmoja unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi kadhaa ya nguzo. Hapo ndipo panapofaa kuanzia, kwa sababu mtu akianzia mjini anadhani historia ya Bagamoyo inaanza na Wajerumani. Ukishamaliza Kaole ndipo uingie mjini: Boma la 1897, nyumba za Mji Mkongwe zenye milango ya nakshi, na Misheni iliyoanzishwa mwaka 1868.

Pale Misheni, mwonyeshe mdogo wako mnara ulioko karibu na kanisa la kwanza. Februari 1874 ulilazwa humo mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kiskoti. Watu wanalitaja jina la Livingstone tu, mimi naomba awataje Susi na Chuma, wasaidizi wake Waafrika, waliomtoa Chitambo, katika Zambia ya leo, pamoja na wenzao, na kumbeba kwa miguu miezi na miezi mpaka pwani. Mtu aliyetoka Bunju kwa baiskeli asubuhi ile, miguu ikiwa bado inamuuma, ataelewa habari hiyo kuliko aliyeshuka kwenye gari.

Ubaya wa Bagamoyo ni kurudi. Njia ni ileile na upepo uko usoni. Lala, amka na alfajiri, usingoje chai ya hotelini.

MwanaMtoni

Shikamoo Mwalimu. Nami naitetea Unguja, na sababu yangu kubwa ni huyo dada mgeni. Kisiwa chetu kidogo, lami imefika karibu kila upande, na akichoka popote pale hayuko mbali na gari la kumrudisha mjini.

Siku ya kusini msianzie mjini. Tafuteni gari ya kupakia baiskeli, mshuke Kizimkazi Dimbani saa mbili asubuhi. Msikiti wake una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe upande wa kibla, na mwaka ulioandikwa ni 500 Hijria, yaani 1107. Umejengwa upya sehemu kubwa baadaye, lakini maandishi ni yale, na watu wanasali humo mpaka leo. Kwa hiyo nguo zile za kubana za baiskeli hapana. Wekeni kanga na suruali pana kwenye mkoba, na muombe ruhusa kwa wenyewe kwanza. Wageni wengi wanafika nusu uchi, na inatuumiza.

Kutoka hapo mpaka mjini ni kama kilomita 55 na upepo unawasukuma. Jozani punguzeni mwendo, kima punju wanavuka barabara wanavyotaka. Mkifika Bungi mtaona miembe mikubwa mikongwe pande mbili za njia. Ni ya Bi Khole, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, na magofu ya nyumba yake yako karibu. Kivuli kile baada ya jua la saa tano ni rehema. Shukeni hapo mle.

Siku ya kaskazini fanyeni fupi, msing'ang'anie Nungwi. Tokeni kabla ya saa moja, maana barabara ya Bububu inabanana kwa daladala. Maruhubi kwanza: jumba la Sultani Seyyid Barghash lililoungua 1899, zimebaki nguzo nene zilizokuwa zimebeba roshani. Halafu Mtoni, alikozaliwa Salme mwaka 1844, dada yake Khole huyo wa miembe ya jana. Bububu mnakunja kupanda Kidichi, na ndicho kilima pekee mtakachokilaumu. Juu kuna hamamu za Kiajemi za mwaka 1850, Seyyid Said alimjengea mke wake wa Kiajemi, na plasta yenye maua ingalipo ukutani.

Mwisho Mangapwani. Chumba kile kimechimbwa ndani ya jiwe, kina paa jembamba, na watu walifichwa humo baada ya mkataba wa 1873 kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mimi hushuka ngazi zile kimya, na mara zote nikitoka nje siwezi kupanda baiskeli mara moja. Mpeni mwenzenu muda kama na yeye atakuwa hivyo. Kurudi mjini kuna upepo wa mbele, lakini ni kilomita 25 hivi tu, na minazi inaukata.

Bahari_Kilifi

Salamu kutoka Kilifi. Njia yetu kwa baiskeli ya lami ni nzuri sana na sioni haya kusema. Ila mkija, msianzie Mombasa. Kutoka Nyali hadi Mtwapa malori na matatu hayana huruma. Anzieni Kilifi: Malindi ni kama kilomita 60, karibu yote tambarare, na Agosti upepo uko mgongoni njia nzima.

Asubuhi vukeni daraja mwende magofu ya Mnarani, upande wa kusini wa mkono wa bahari. Kaeni kule juu mtazame mashua. Kisha kaskazini, Matsangoni, Mida, na upande wa kushoto msitu wa Arabuko-Sokoke unawapa hewa baridi. Gede iko kama kilomita 16 kabla ya Malindi. Mji mzima ndani ya msitu: jumba la mfalme, msikiti mkuu, visima, nyumba zenye vyoo, na kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, ndiyo 1399. Uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024. Saa moja haitoshi hapo, wekeni mbili.

Lakini nawaambia ukweli wa rafiki: kutoka Dar kuja huku na baiskeli, mpaka wa Horohoro na Lungalunga, kuvuka Likoni, siku nzima inaisha. Kwa siku tatu mtaona barabara ya basi kuliko ya baiskeli. Njooni mkiwa na wiki.

Gurudumu_Bunju

Nawashukuru sana wote. Mwalimu, habari ya Susi na Chuma nimemsomea mdogo wangu, amenyamaza kisha akauliza lini tunakwenda. Kwa hiyo Bagamoyo tutaifanya wiki mbili kabla, Jumamosi na Jumapili, iwe kipimo chake. Akirudi vizuri dhidi ya upepo, Nane Nane tunakwenda Unguja kwa mpango wa MwanaMtoni: kusini siku ya kwanza tukianzia Kizimkazi, kaskazini mpaka Mangapwani siku ya pili, ya tatu tupande boti.

Pangani imeniuma, lakini sitaki kuipita kwa haraka. FundiWaChumbageni, Disemba pakoje?

MwanaMtoni

Kwenye boti baiskeli inahesabiwa mzigo. Fikeni bandarini mapema, na mfunge mnyororo kwa kitambaa usichafue mabegi ya watu.

FundiWaChumbageni

Disemba upepo umegeuka, ni kaskazi. Hapo mnatoka Tanga asubuhi na unawasukuma nyinyi mpaka Pangani. Mkifika, vukeni kwa kivuko mpaka Bweni mtazame mji kutoka ng'ambo, kisha mrudi Boma la zamani. Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, mkija siku hizo mtakuta wazee wanaoweza kuwasimulia vita vyake vizuri kuliko kibao chochote. Ila vuli isiwe bado inanyesha, maana michepuko ile ikilowa inakuwa tope. Nitapita mwenyewe mwishoni mwa Novemba nikuandikie hali ya kila kipande, toka Tongoni hadi mjini Pangani. Tyubu za 28 huku ni adimu, njooni nazo nne.