Baba na Mama Wahamie Mkoa Gani? Gumzo la Kikundi cha Familia

Baba: Wanangu, dada, shemeji, habari za jioni. Barua ya kustaafu nimeipata leo. Mkataba wa nyumba hapa Kimara unaisha mwisho wa Mei. Mimi na mama yenu tumekubaliana jambo moja tu, Dar hatubaki. Kodi inatumaliza na pensheni ya mwalimu mnaijua. Sasa ni mkoa gani? Kila mtu aseme, na atoe sababu.

Neema: Shikamoo Baba. Hongera sana kwa kumaliza salama.

Zawadi: Hongera Baba 🙏🏾

Elia: Shikamooni wote. Hongera mzee wetu.

Baba: Marahaba wanangu.

Neema: Mimi nasema njooni Dodoma. Mtakuwa karibu na mimi na wajukuu. Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo, ya mkoa ipo. Na tangu treni ya umeme ianze 2024, Zawadi akitoka Dar asubuhi, mchana tunakula naye.

Elia: Maji vipi dada?

Neema: Sitawadanganya. Mtaani kwetu ni ya mgao. Nina simtanki la lita 2,000, yakitoka usiku tunaamka kujaza. Yakikata siku nyingi tunaita boza. Mtu akijenga huku, simtanki na mnara wake aviweke kwenye hesabu kabla hajafikiria bati.

Baba: Na mvua ya huko ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, basi. Mimi nataka kulima mwanangu. Nimeshika chaki maisha yangu yote, sasa nataka kushika jembe.

Neema: Zabibu Baba. Zinavunwa mara mbili kwa mwaka.

Baba: Zabibu zina wenyewe. Kupogoa, kupiga dawa, ukikosea wiki moja umekosa msimu. Sitaki kujifunza zao jipya kwa kiinua mgongo. Hela ile inakuja mara moja tu.

Shangazi: Kaka rudi nyumbani. Huku kwetu Njombe, Wanging'ombe, kila mtu sasa ni parachichi. Aina ya Hass, miche iliyobebeshwa, mwaka wa tatu unaanza kuona matunda. Ekari nne za marehemu baba zipo, zimeota nyasi tu. Utazunguka mikoa ya watu kutafuta nini?

Elia: Shikamoo Shangazi. Shamba lile nalijua. Liko juu mgongoni, mto uko chini bondeni. Mche mchanga wa parachichi kiangazi cha kuanzia Juni mpaka Oktoba bila kumwagiliwa unakauka. Baba ahesabu pampu na mipira, au ndoo kichwani.

Shangazi: Marahaba. Watu wanaweka matone. Chupa unaitoboa, unaizika kwenye shina. Inawezekana.

Mjomba: Salaam aleikum wote. Shemeji hongera. Kwa nini hamtaji Tanga? Muheza machungwa yapo, minazi ipo, muhogo haukosi, na bahari si mbali. Maisha si ghali. Dada yangu alizaliwa hapa, watu wote wanamjua.

Baba: Waaleikum salaam shemeji. Tanga naipenda, ila joto lake ni hili hili ninalolikimbia. Na malaria ya Muheza nayo iko siku zote. Njombe mtu anakaa miaka bila kuijua.

Mjomba: Hilo siwezi kukubishia.

Zawadi: Morogoro jamani? Karibu na Dar, treni ipo, milima ya Uluguru inaleta maji, kila kitu kinaota.

Elia: Morogoro ni nzuri lakini tuna nani pale?

Zawadi: Hatuna mtu.

Neema: Elia mbona hujasema waje Mbeya?

Elia: Nimekaa kimya makusudi. Mimi kazi yangu ni ya mkataba, mwakani naweza kuwa Uyole au Sumbawanga. Wazee wasihame kumfuata mtoto, halafu mtoto ahamishwe wabaki kwenye mji wasioujua. Na wewe Neema ni hivyo hivyo. Wizara ikikupeleka Katavi utakataa?

Neema: Dah. Siwezi kukataa.

Zawadi: Mama, tiki zako ni za bluu tangu saa moja. Umesoma yote. Sema neno.

Baba: Anaandika. Yuko hapa pembeni yangu, hataki hata nichungulie.

Mama: Nimewasoma wote. Baridi ya Njombe naijua. Tulipokwenda kumzika bibi yenu ilikuwa Julai. Asubuhi nilishindwa kufunga vifungo vya gauni langu mwenyewe, wifi akanifunga kama mtoto. Magoti yalivimba nikawa nakaa jikoni kwenye moto siku nzima. Mnafikiri ndiyo maana nimenyamaza. Baridi ina sweta, baridi ina blanketi. Sikatai mkoa kwa baridi.

Mama: Kila mkoa mnaoutaja mnautaja tukiwa wawili. Baba Neema ana miaka 60, mimi 54, na presha anayo yeye. Namwombea maisha marefu kuliko yangu. Lakini mimi naupima mkoa nikiwa nimebaki mmoja. Je, nitaishi hapo? Nitakula nini? Nyumba itakuwa ya nani? Nimeona kwa macho yangu mjane anaambiwa apishe kabla ya arobaini, na aliyepanda miti ile ni yeye na mumewe. Ekari nne za ukoo ni za ukoo. Siwezi kumwaga kiinua mgongo chote na nguvu zangu zote pale.

Shangazi: Wifi. Unatuogopa sisi?

Mama: Wewe sikuogopi. Mimi na wewe tumelala kitanda kimoja, umenifunga vifungo. Nawaogopa watoto wa watoto ambao hawanijui, siku ambayo wewe haupo na kaka yako hayupo.

Zawadi: 😢

Mjomba: Dada umesema kweli. Hata huku Muheza ni hivyo. Chumba chako kipo siku zote, lakini shamba tumeachiwa ndugu sita na halijagawanywa.

Neema: Mama nashukuru umesema. Kisheria ipo njia. Ardhi ya kijiji, chini ya sheria ya 1999, hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili, mume na mke. Ila ekari zile zitataka kwanza kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, wote wasaini, ndipo iende halmashauri ya kijiji.

Shangazi: Kikao naweza kukiitisha. Lakini nisiwe mwongo, wale ndugu wa Mafinga hawatasaini mwaka huu wala mwakani.

Baba: Nimesoma mara mbili. Mama Neema, miaka yote hii hukuwahi kuniambia.

Mama: Hukuwahi kuuliza mkoa. Tulikuwa tunapangiwa vituo tu. Leo ndiyo mara ya kwanza tunachagua.

Elia: Basi tuanzie hapo kwa Mama. Mji wenye hospitali, soko na barabara, kiwanja kilichopimwa, majina mawili kwenye hati. Na Mama awe na kazi yake mwenyewe.

Mama: Kazi ninayo. Cherehani yangu inanifuata popote. Dar nashona magauni, kwenye baridi nitashona sare na kufuma masweta ya shule.

Shangazi: Wifi, MAKAMBAKO! Masweta huku kila mtoto anavaa. Ni Njombe hii hii, ila ni mjini, siyo kijijini kwetu.

Elia: Makambako nakubaliana. Basi za Dar, za Mbeya na za Songea zote zinapita pale, na reli ya TAZARA ina stesheni. Hospitali ya misheni ya Ilembula haiko mbali, na ikibidi rufaa ya kanda ni Mbeya. Hata nikihamishwa barabara inabaki.

Baba: Na shamba?

Elia: Ukitaka parachichi Baba, tafuta ekari moja yenye maji, uinunue kwa majina mawili. Ukipanda mita 6 kwa 6 inaingia kama miche 110. Kwa mzee na kibarua mmoja hiyo inatosha. Zile nne za babu lima mahindi ukitaka, usipande mti wa kudumu.

Baba: Hilo la mti wa kudumu limeniingia.

Neema: Naumia kidogo maana nilitaka mje kwangu, ila naona Mama ana haki. Ombi langu moja, msinunue kiwanja sasa. Pangeni kwanza. Juni, Julai na Agosti ndiyo baridi yenyewe, na upepo wa Makambako mnausikia. Magoti ya Mama yakivumilia miezi hiyo, mtavumilia mingine yote.

Mama: Hapo nakubali. Na ikinishinda turudi kwenye mazungumzo, Baba Neema asininunie.

Baba: Sitanuna. Na kiwanja kikipatikana jina lako litatangulia. Naandika mbele ya watoto na ndugu zako.

Mjomba: Shemeji, ahsante. Nimeshuhudia.

Shangazi: Kuna mama ninayesali naye ana nyumba ya kupangisha karibu na soko. Vyumba viwili na sebule, choo cha ndani. Kesho nampigia.

Elia: Shangazi akipata jibu mimi Jumamosi napanda basi nikaione. Nitapiga picha za dari na madirisha, upepo unapitia hapo.

Mama: Angalia na chumba kinachopata jua la asubuhi, ndicho nitakachoweka cherehani. Na umuulize kama LUKU, mita ya umeme, ni ya kwetu peke yetu au tunachangia na wapangaji wengine.