Canon 700D au Nikon D5300 kwa anayeanza kupiga sherehe za ukumbini?

Mgeni wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Nataka kuanza kupiga picha za sherehe: sendofu, kipaimara, harusi ndogondogo, nyingi usiku ukumbini. Nina milioni moja na laki mbili, na itoshe kila kitu. Kariakoo nimeoneshwa mbili za mtumba, zote na lenzi ya 18-55: Canon 700D ya megapikseli 18 na Nikon D5300 ya 24. Muuzaji anasema Nikon ni bora kwa kuwa mega ni nyingi. Ni kweli? Na nikague nini kabla sijatoa hela?

Lenzi Hamsini
Mkuu, mega zisikusumbue. Picha ya megapikseli 18 ina upana wa pikseli 5,184. Unasafisha A3 na inatoka safi kabisa. Kinachowaangusha wanaoanza ukumbini ni lenzi. Hiyo 18-55 ukiivuta hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Usiku utalazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, na picha itajaa chenga. Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo, kwa hiyo kwa kasi ileile ya shata unashuka hadi ISO 640 hivi. Hakuna bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya bei yako itakayokupa tofauti kubwa namna hiyo.

Kasoro yake ni nafasi. Kwa sensa za kamera hizi, kumpata bibi harusi mzima kwa 50mm unarudi nyuma mita nne na nusu hivi, na ukumbi ukijaa meza huna pa kurudi. Kwa hiyo 18-55 usiiuze, ibaki kwa picha za makundi.

Sasa angalia mtego wa Nikon: D5300 haina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukinunua 50mm f/1.8D kwa sababu ni rahisi, itaingia vizuri lakini fokasi utaizungusha kwa mkono usiku kucha. Lazima iwe AF-S, lenzi yenye mota yake ndani, yaani f/1.8G. 50mm ya Canon ina mota yake, na ya STM (jina la aina ya mota) bei yake ni ya kawaida. Kwa bajeti hiyo mimi nasema 700D.

Fundi wa Posta
Kukagua nenda na memori kadi yako na tochi ya simu.

Weka kamera kwenye Av (kwa Nikon ni A), pale unapochagua tundu mwenyewe, f/22, piga ukuta mweupe, kisha kuza picha. Madoa meusi yasiyohama kutoka picha hadi picha ni vumbi kwenye sensa. Hilo linasafishika, liwe sababu ya kupunguziwa bei tu. Mkwaruzo hausafishiki.

Halafu fungua lenzi, mulika tochi kwa nyuma ukitazama mbele kwa pembeni. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, achana nayo hata wakikupunguzia nusu. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi, itaendelea kukua. Lenzi ya Nikon ya G ikiwa nje ya bodi tundu lake linajifunga, sukuma kile kiwiko kidogo cha nyuma ili uone ndani.

Idadi ya mipigo ya shata: Nikon huiandika ndani ya picha yenyewe, unaisoma kwa programu ya kompyuta iitwayo ExifTool. Canon nyingi haziandiki, unahitaji programu na waya wa USB. Usikubali kuoneshwa namba ya faili, hiyo ikifika 9999 inaanza upya.

Mgeni wa Tabata
Asanteni sana. Duka jingine wana Canon 4000D mpya, yenye dhamana. Si salama kuliko mtumba?

Lenzi Hamsini
Kwa kazi yako, hapana. Tazama pale juu flashi inapoingia: 4000D imeondolewa ile pini ya katikati, na 2000D na 250D vilevile. Flashi nyingi za bei nafuu hutegemea pini hiyo, hazitawaka. 700D inayo.

Na ukipata flashi, usimmulikie mtu usoni, elekeza darini. Ila kumbi zetu nyingi dari limefunikwa vitambaa. Kikiwa cha zambarau, nyuso zote zitarudi zambarau, na kurekebisha kwenye kompyuta ni mateso. Hapo geuzia flashi ukuta mweupe, au weka kadi nyeupe nyuma ya kichwa cha flashi.

Fundi wa Posta
Niongeze la taa, maana wengi hudhani kamera ni mbovu. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa shata ya 1/250 ya sekunde, picha nyingine hutoka na mistari ya giza au rangi tofauti. Tumia 1/100, na kwa video weka PAL (mfumo wa video wa nchi za hezi 50), fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Kamera zilizotoka Japani au Marekani mara nyingi huja zimewekwa NTSC, mfumo wa huko, badilisha kwenye menyu siku ya kwanza.

Ukifika nyumbani usiifungie kabatini ndani ya begi. Kontena la plastiki lenye mfuniko wa kubana, silika jeli ndani, na kipima unyevu kidogo kisomeke kati ya asilimia 40 na 50.