Mnasomaje utafiti kabla ya kubadilisha kazi wodini?

SistaWatoto:
Wakuu, habari za kazi. Kwetu kila mwezi mmoja anasoma utafiti na kutueleza kama tubadilishe tunavyofanya. Zamu hii ni yangu, nimepewa FEAST, jaribio la 2011 la dripu ya kasi kwa watoto wenye homa kali na mzunguko wa damu uliozorota: watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania. Hitimisho ni kwamba maji ya kasi yaliongeza vifo. Mwenzangu keshasema, "Basi tuifute dripu ya kasi." Mimi nasita, ila sijui kama nina hoja au ni woga tu. Nyie mnaanzia wapi?

TabibuWaZamani:
Dada, hitimisho liache kwanza. Fungua sehemu ya mbinu, tafuta walioachwa nje. Utakuta watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Kwa hiyo halimhusu yule aliyekauka kwa kuharisha, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi. Mwenzako akimnyima maji huyo kwa kisingizio cha FEAST, atamuumiza.

Halafu namba. Ndani ya saa 48 walifariki kama 10.5 katika kila 100 waliopewa maji ya kasi, na 7.3 katika kila 100 wasiopewa. "Vifo viliongezeka kwa asilimia 45" ni kweli. "Watoto 3 zaidi katika kila 100" ni kweli pia. Wape wenzako hiyo ya pili, wataiona vitandani.

Mimi nilipoisoma nilinyamaza muda mrefu. Mikono hii ilikuwa ikiminya mfuko wa maji ili yaende upesi.

ZamuYaUsiku:
Pole, tabibu. Mimi huanza na hili: nani aliamua mtoto yupi apate nini? Tukiachiwa wenyewe, mahututi zaidi ndiye tutakayempa maji, kisha yaonekane ndiyo yaliyoua. Hapa waligawanywa kwa bahati nasibu. Watoa huduma walijua nani amepewa nini, ndiyo, lakini kipimo chenyewe ni kifo, na kifo hakipimwi kwa maoni ya mtu.

SistaWatoto:
Asanteni sana. Orodha ya walioachwa nje nimeiona, nimeipita mara mbili bila kuisoma! Alhamisi nitaanza nayo, kabla sijataja kifo hata kimoja.